Kulungu amepigwa lakini hapatikani: utatuzi wa matatizo ya vichwa vya risasi katika uwindaji wa masafa marefu

Mwindaji akimpiga kulungu aliye umbali wa mita 450 na mnyama akatokomea, lawama ya kwanza huangukia mkono wake, ya pili darubini, na ya tatu bunduki yenyewe. Kichwa cha risasi, ambacho ndicho kitu pekee kinachomgusa mnyama, huchunguzwa mwisho au hakichunguzwi kabisa. Mwongozo huu unaanza na dalili zinazoonekana kwenye mwili wa mnyama au kwenye karatasi ya shabaha, kisha unarudi nyuma kutafuta chanzo chake. Mifano ni ya magharibi mwa Marekani, katika majimbo kama Wyoming, Montana, Colorado na Arizona, ambako kulungu mkia-mweupe na kulungu wa masikio makubwa huwindwa kwa leseni, na ambako uwazi wa nchi humfanya mtu apige kwa mbali kuliko katika misitu ya mashariki.

Ili tusichanganyane, risasi nzima ina sehemu nne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Ninaposema kichwa, nakusudia ile sehemu inayotoka kwenye mtutu na kuruka. Vipimo vya uzito wa kichwa huandikwa kwa greni, na greni 100 ni takriban gramu 6.5. Umbali na kasi nimeviandika kwa mita, ingawa boksi za Marekani huandikwa kwa yadi na futi kwa sekunde.

Jambo moja lieleweke kabla ya dalili yoyote, kwa sababu ndilo linalofungua karibu kila fumbo litakalofuata. Kichwa cha kuwindia hutengenezwa ili kitanuke ndani ya mwili wa mnyama, na hutanuka ipasavyo pale tu kinapofika kikiwa na kasi iliyo kati ya mipaka miwili. Kikifika polepole mno hakifunguki, na kikifika kwa kasi mno huvunjika kabla ya kufika panapotakiwa. Kwa hiyo umbali wa juu ambao mtu ana haki ya kupiga hauamuliwi na uwezo wa bunduki kugonga bamba la chuma, bali na mahali ambapo kichwa hicho mahususi, kutoka katika mtutu huo mahususi, kinashuka chini ya kasi yake ya kufunguka. Mwindaji asiyeijua namba hiyo hajamaliza kuchagua risasi.

Mnyama anakimbia mbali, damu ni kidogo, na matundu yote mawili ni madogo

Hii ndiyo dalili inayowatesa zaidi wanaopiga kwa mbali, na ndiyo inayosababisha wanyama wengi kupotea wakiwa na jeraha. Mnyama hushtuka, pengine hurusha miguu ya nyuma, kisha hukimbia mita 200 au 300. Mahali alipokuwa amesimama pana manyoya machache na matone mawili au matatu ya damu. Akipatikana, wakati wa kuchuna ndipo ukweli unapoonekana: tundu la kuingilia lina upana wa kalamu, la kutokea lina upana ule ule, na kati yake mapafu yana mfereji mwembamba wenye kingo safi, usiozungukwa na ile nyama nyekundu iliyovilia damu ambayo kichwa kilichotanuka huiacha. Kichwa kimepita bila kufunguka.

Chanzo kinachoongoza ni kasi ndogo wakati wa kugonga. Chukua risasi ya .308 Winchester (namba ya jina ni takriban upana wa kichwa kwa inchi) yenye kichwa cha kawaida cha greni 150, ncha laini na kitako bapa. Hutoka kwenye mtutu ikiwa na kasi ya takriban mita 860 kwa sekunde, lakini umbo lake halishindi hewa vizuri, hivyo inapofika mita 366 hubakiwa na takriban mita 540 kwa sekunde, na kwenye mita 457 hubakiwa na 475 tu. Vichwa vya kawaida vya aina hii kwa jumla huhitaji kama mita 550 kwa sekunde ili vifunguke kwa uhakika. Maana yake ni kwamba bunduki hiyo, ambayo inaweza kugonga sufuria kwenye mita 450 siku nzima, kwa kulungu imekwisha kazi kabla ya mita 370.

Hapa ndipo kanuni ya zamani ya nishati inapowapotosha watu. Wawindaji wengi hufundishwa kwamba kulungu anahitaji nishati ya pauni-futi 1,000, yaani takriban jouli 1,356, wakati wa kugongwa. Ile .308 ikiwa kwenye mita 366 bado ina zaidi ya kiwango hicho, kwa hiyo kanuni inasema piga, ilhali kasi inasema usipige. Nishati ambayo kichwa kinatoka nayo upande wa pili wa mnyama haikumfanya mnyama chochote. Ningependa kila jedwali la balistiki, yaani la mwendo wa risasi hewani, liwekwe alama nyekundu kwenye safu ya kasi, na safu ya nishati isomwe baadaye.

Chanzo cha pili ni ugumu wa kichwa chenyewe. Vichwa vya shaba tupu, vile visivyo na madini ya risasi ndani, havivunjiki na hupenya kwa kina, na kampuni ya Barnes iliyovieneza tangu mwaka 1989 ilivifanya vipendwe na watu wanaowinda wanyama wakubwa. Lakini ugumu huo una gharama yake kwa mbali, kwani vingi vya aina hiyo huhitaji kasi kubwa zaidi ili petali zake, yaani vipande vya ncha vinavyojikunjua kama ua, zifunguke. Msomaji aliyekulia Tanzania, akazoea mazungumzo ya nyati, kaliba .375 na vichwa vigumu visivyopinda, huweza kuja Marekani na imani kwamba kigumu ndicho bora daima. Kulungu wa masikio makubwa mwenye kilo 90 hana mifupa ya nyati, na kulungu mdogo wa Coues wa Arizona, ambaye dume lake kwa kawaida halizidi sana kilo 45, hata hana unene wa kutosha kukifungua kichwa kigumu kilichochoka njiani.

Chanzo cha tatu huwapata wanaotumia vichwa vya mashindano. Watengenezaji Sierra wenyewe hawapendekezi kichwa chao cha MatchKing kwa kuwinda, na watengenezaji Hornady wana ELD Match kwa karatasi na ELD-X kwa wanyama, vikifanana sana kwa sura. Kichwa cha mashindano kina tundu dogo mno kwenye ncha ambalo limetokana na utengenezaji, wala halikuwekwa ili kikifungue. Mara nyingine hupasuka vizuri, mara nyingine hupita kama sindano, na kutotabirika huko ndiko kunakokifanya kisifae. Hata vichwa vya kuwindia vyenye ncha ya tundu vikaguliwe kimoja kimoja kwenye mwanga, kwa kuwa ncha iliyojikunja au kuzibwa na chembe huzuia kufunguka.

Tiba ya dalili hii ni kuchagua kichwa kulingana na kasi ya mwisho. Hornady wanatangaza kwamba ELD-X hufunguka hadi takriban mita 488 kwa sekunde, na watengenezaji Nosler wanatangaza takriban mita 396 kwa sekunde kwa AccuBond Long Range. Risasi ya 6.5 Creedmoor (hapa namba ni milimita) yenye ELD-X ya greni 143 hutoka kwa mita 823 kwa sekunde, na kwenye mita 457 bado ina kama 615. Usawa wa bahari, kichwa hicho hugusa mpaka wake kwenye umbali wa zaidi ya mita 750, na kwenye milima ya Colorado, ambako hewa ni nyepesi, mpaka husogea mbele zaidi. Hata hivyo namba za watengenezaji ni za pale kichwa kinapoanza kufunguka kwenye jeli ya majaribio, si pale kinapofanya kazi yake kikamilifu. Kwa hiyo mimi huongeza mita 60 kwa sekunde juu ya namba iliyotangazwa na kuifanya hiyo kuwa mpaka wangu, na sijawahi kuona sababu ya kuipunguza.

Ngozi imepasuka, bega limesagika, lakini mapafu hayakufikiwa

Dalili hii ni kinyume cha ile ya kwanza, na huwapata zaidi watu waliojiandaa kwa mbali kisha kulungu akatokeza mita 60 mbele yao. Tundu la kuingilia ni kubwa kuliko ngumi, nyama ya bega imekuwa rojo, vipande vya shaba vimetapakaa chini ya ngozi, na hakuna tundu la kutokea. Mnyama anaweza kwenda kilomita nzima akiwa na jeraha la kutisha lisilomuua upesi.

Vichwa laini vilivyotengenezwa kufunguka kwa kasi ndogo huwa na gamba jembamba la shaba linalokizunguka kiini. Watengenezaji Berger, kwa mfano, hueleza kwamba vichwa vyao vya kuwindia hupenya inchi 2 au 3 kwanza, yaani sentimita 5 hadi 8, kisha husambaratika. Kwenye mbavu, mpangilio huo huharibu mapafu yote na kulungu huanguka karibu. Kwenye kifundo cha bega, kutoka kwa .300 Winchester Magnum iliyotoka kwenye mtutu kwa mita 900 kwa sekunde, sentimita hizo za kwanza zote ni mfupa.

Kuna njia mbili za kutoka hapa, na uchaguzi unategemea nchi unayowinda. Kama vichaka na mabonde vinafanya uwezekano wa kulungu wa karibu kuwa mkubwa, tumia kichwa kilichounganishwa, ambacho kiini chake cha madini ya risasi kimeshikamanishwa na gamba la shaba kiasi kwamba haviachani, au kile chenye ukuta wa shaba katikati. Muundo huo wa ukuta ndio Partition ya John Nosler, ambayo imekuwa ikiuzwa tangu mwaka 1948. Sehemu ya mbele hufunguka au hata kupotea, lakini sehemu ya nyuma iliyolindwa na ukuta huendelea kupenya. Kama nchi ni wazi na unataka kubaki na kichwa laini, basi badilisha mahali pa kulenga: nyuma ya bega, theluthi ya chini ya kifua, mnyama akiwa amesimama ubavu. Mwenye kichwa laini asipige bega, wala asimpige mnyama anayemtazama kwa pembe kali, hata kama dume ni la ndoto zake.

Chunguza kila mnyama unapochuna. Pitisha kidole kwenye njia ya jeraha toka ngozi hadi ngozi, angalia uvimbe chini ya ngozi ya upande wa pili, maana mara nyingi kichwa hunaswa pale, kioshe, kisha kipime kwa mizani ya baruti. Kichwa cha greni 143 kilichobakiwa na greni 80 na kutanuka mara mbili ya upana wake kimefanya kazi ya heshima. Kilichobakiwa na greni 30 kwa umbali wa mita 100 kinakuonya. Kilicho na uzito wote na ncha iliyochubuka tu kinakuonya zaidi.

Matundu yanakusanyika kwenye mita 100 na kusambaa kwenye mita 500

Kwanza tazama umbo la usambaaji. Kama matundu yamepangika wima, juu na chini, tatizo ni kasi inayotofautiana kati ya risasi moja na nyingine. Tofauti ya mita 15 kwa sekunde haionekani kwenye mita 100, lakini kwa 6.5 Creedmoor huleta tofauti ya takriban sentimita 10 kwenye mita 550, na eneo la moyo na mapafu ya kulungu lina upana wa sentimita 20 hadi 25 tu. Kipima kasi kitakuambia ukweli ndani ya dakika chache. Jaribu boksi za aina nyingine, au kama unajaza mwenyewe, angalia upimaji wa baruti na ukazaji wa shingo ya ganda.

Kama matundu yamesambaa pande zote, na hasa kama baadhi yake ni ya mviringo uliolala badala ya duara, kichwa hakizunguki kwa kasi inayokiweka imara. Hili nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu wauzaji wa risasi hawalielezi na bunduki nyingi za zamani zina tatizo hili.

Mifereji iliyo ndani ya mtutu hukizungusha kichwa ili kiruke ncha ikiwa mbele. Msokoto wa mifereji hupimwa kwa urefu ambao kichwa kinazunguka mara moja: msokoto wa 1 kwa 10 ni mzunguko mmoja kwa kila inchi 10, yaani sentimita 25.4. Kichwa kinavyokuwa kirefu ndivyo kinavyohitaji msokoto wa haraka. Vichwa vya masafa marefu ni virefu na vyembamba ili vishinde hewa, na vya shaba tupu ni virefu zaidi kwa uzito ule ule, kwa kuwa shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi. Bunduki ya .243 Winchester yenye msokoto wa 1 kwa 10 kwa kawaida haivitulizi vichwa virefu vya greni 105. Mitutu ya .270 Winchester, iliyoanza mwaka 1925, kwa desturi ina msokoto wa 1 kwa 10 uliokusudiwa vichwa vya greni 130 hadi 150. Mtu akivutiwa na kichwa kizito cha greni 170 cha upana ule ule atapata matundu yaliyolala. Ndiyo maana 6.8 Western ilipotoka mwaka 2021, ikitumia upana ule ule wa kichwa, ilikuja na msokoto wa kasi zaidi, karibu 1 kwa 8.

Usitegemee maandishi ya kiwandani, pima mwenyewe. Hakikisha bunduki haina risasi na utoe boliti, yaani komeo linalofunga nyuma ya mtutu. Funga kitambaa kinachobana kwenye fimbo ya kusafishia ambayo mpini wake unazunguka kwa uhuru, isukume hadi kitambaa kishike mifereji, kisha uweke alama ya kalamu upande wa juu wa fimbo pale inapokutana na kitako cha mtutu. Sukuma polepole hadi alama irudi juu, weka alama nyingine pale fimbo inapoingilia, na upime urefu kati ya alama hizo. Rudia mara tatu, kwa sababu kitambaa huteleza.

Ukishajua msokoto, linganisha na ule unaotakiwa na mtengenezaji wa kichwa. Kipimo cha uthabiti kinachotumiwa na wengi, kinachokokotolewa kwa kanuni ya Don Miller, kinataka namba isiyopungua 1.5. Kati ya 1 na 1.5 kichwa hufika, lakini kikiyumbayumba kiasi cha kupoteza sehemu ya uwezo wake wa kushinda hewa, na kikigonga nyama hakiingii wima. Chini ya 1 hakifai hata kwa karatasi. Kumbuka pia kwamba hewa baridi na nzito hupunguza uthabiti, kwa hiyo kichwa kilichokuwa mpakani kwenye joto la Agosti huanguka chini ya mpaka kwenye asubuhi ya Novemba yenye barafu.

Risasi inatua chini ya mahali hesabu ilipotabiri

Makosa mengi hapa ni ya data wala si ya kichwa. Namba ya balistiki, yaani kipimo cha jinsi kichwa kinavyoshinda ukinzani wa hewa, huandikwa kwa mifumo miwili, G1 na G7. ELD-X ya greni 143 ina .625 kwa G1 na .315 kwa G7. Ukiingiza .315 huku programu ya kukokotoa njia ya risasi ikiwa imewekwa G1, hesabu itaamini kwamba kichwa ni kibovu na itakupandisha juu kupita kiasi. Ukiingiza .625 kwenye G7, utapiga ardhi. Kwa vichwa virefu vyenye kitako kilichochongoka tumia G7, kwa kuwa umbo lake la mfano linafanana navyo.

Kasi iliyoandikwa kwenye boksi hupimwa kwa mtutu wa kiwandani, mara nyingi mrefu kuliko wako. Mtutu wa inchi 20 hautatoa kasi ya mtutu wa inchi 24. Baridi nayo hupunguza kasi ya baadhi ya baruti kwa kiasi kinachoonekana, na hili ndilo linaloifanya H4350 na nyingine za aina yake, zinazostahimili mabadiliko ya joto, zipendwe na wanaowinda mwishoni mwa msimu. Pima kasi ya bunduki yako kwenye baridi inayofanana na ya siku ya kuwinda.

Kuna chanzo kingine kisichojulikana sana. Mwaka 2015 Hornady walieleza kwamba vipimo vya rada ya Doppler, inayopima kasi ya kichwa kikiwa hewani, vilionyesha ncha za plastiki za kawaida zikilainika na kuharibika kwa joto la msuguano wa hewa, hasa kwenye vichwa vyenye namba kubwa ya balistiki, na wakaleta ncha ya plastiki inayostahimili joto hilo. Kama kichwa chako ni cha kizazi cha zamani, na risasi zinatua sawasawa hadi mita 350 kisha zinaanza kushuka chini ya hesabu, rekebisha namba ya balistiki kwa kile unachokiona kwenye shabaha halisi.

Darubini ikaguliwe kabla ya kununua boksi jipya. Ipandishe kipimo kikubwa, piga, irudishe, upige tena. Kama hairudi mahali pake, hakuna kichwa kitakachoiponya.

Upepo unaihamisha risasi kutoka kwa mnyama

Mwindaji anayekosa kushoto na kulia kwa umbali wa mita 450, ilhali hakosi juu na chini, ana tatizo la upepo, na kichwa kinaweza kulipunguza bila kuliondoa. Kwa upepo wa kilomita 16 kwa saa unaovuma ubavuni, ile .308 ya greni 150 yenye kitako bapa husukumwa zaidi ya sentimita 80 kwenye mita 457. ELD-X ya 6.5 Creedmoor, ingawa inatoka polepole zaidi, husukumwa kama sentimita 40. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko eneo la moyo na mapafu ya kulungu. Ukikosea kukadiria upepo kwa theluthi moja, kichwa cha kwanza kitakuhamisha sentimita 27 na kukutoa nje ya mapafu, na cha pili sentimita 13, ambazo nazo zinatosha kumjeruhi mnyama vibaya kama hukulenga katikati kabisa.

Kwa hiyo kati ya vichwa viwili vinavyofunguka sawasawa, chagua chenye namba kubwa ya balistiki hata kama kinatoka kwenye mtutu polepole kidogo. Lakini usiigeuze hesabu hiyo ikawa ruhusa ya kupiga siku ya upepo wa vishindo. Siku hiyo sogea karibu.

Risasi imeingia tumboni ingawa hewa ilikuwa tulivu

Usibadilishe kichwa. Ile 6.5 Creedmoor huchukua takriban theluthi mbili za sekunde kufika mita 457, na kulungu anayetembea polepole, mita 1 kwa sekunde, husogea zaidi ya sentimita 60 katika muda huo. Hata hatua moja ya kulisha majani inatosha kuhamisha mapafu na kuliweka tumbo mahali pake. Hakuna kichwa chenye kasi ya kuondoa tatizo hili. Piga mnyama aliyesimama na ambaye umemtazama kwa muda wa kutosha kujua kwamba amesimama kweli.

Vichwa vya shaba tupu havikusanyiki katika bunduki iliyokuwa ikipiga vizuri

Safisha mtutu hadi mabaki ya shaba ya zamani yaishe, kwa dawa inayoyeyusha shaba, kisha piga risasi kadhaa za aina mpya kabla ya kuhukumu. Wanaojaza wenyewe wakirudishe kichwa nyuma: vichwa vya shaba kwa kawaida hupenda kuruka umbali fulani kabla ya kushika mifereji, na Barnes hupendekeza kuanzia inchi .050, karibu milimita 1.3. Shuka uzito pia. Mahali ulipozoea greni 150 za madini ya risasi, greni 130 za shaba zitakuwa na urefu unaokaribiana, zitatoka kwa kasi zaidi, na kasi ndiyo chakula cha kichwa cha shaba.

Vipande vya madini vinaonekana kwenye nyama

Vichwa laini vinavyosifiwa kwa masafa marefu ndivyo vinavyotapanya madini ya risasi kwa wingi zaidi, na picha za eksirei zimeonyesha chembe ndogo zisizoonekana kwa macho zikiwa mbali na njia ya jeraha. Mwaka 2008 jimbo la North Dakota liliziomba ghala za chakula cha msaada zitupe nyama ya kulungu iliyotolewa na wawindaji baada ya chembe hizo kugunduliwa. Kata nyama kwa upana unaozidi kile unachokiona kuwa kimeharibika, wala usiisage ile iliyo karibu na jeraha, na usiwape watoto na wajawazito nyama yenye shaka. Ndege wanaokula matumbo yaliyoachwa porini hufa kwa sumu hiyo hiyo, wakiwemo tai wakubwa wa kondori. Ndiyo sababu California imekataza risasi zenye madini hayo katika uwindaji wote tangu tarehe 1 Julai 2019, na idara ya wanyamapori ya Arizona ilianza mwaka 2005 kuwapa bure risasi zisizo na madini hayo wawindaji wa kulungu wa eneo la Kaibab.

Hapa kuna mgongano wa kweli: kichwa salama zaidi kwa nyama ndicho kinachohitaji kasi kubwa zaidi ili kifunguke. Jibu langu ni kutumia shaba na kufupisha umbali. Kwa bunduki nyingi za kulungu, shaba tupu hufanya kazi nzuri hadi mita 300 na kitu, na sehemu kubwa ya wanaodhani wanahitaji zaidi ya hapo wangeweza kutambaa mita 100 nyingine.

Soma pia kanuni za jimbo kabla ya kununua. Colorado, kwa mfano, hutaka kwa kulungu kaliba isiyopungua .24, kichwa kinachotanuka kisichopungua greni 70, na nishati isiyopungua pauni-futi 1,000 kwenye yadi 100. Kichwa cha kijeshi kilichofunikwa chote kwa shaba hakiruhusiwi.

Boksi jipya la risasi ile ile linagonga mahali pengine

Tazama namba ya toleo iliyopigwa chapa kwenye boksi. Matoleo mawili ya bidhaa moja yanaweza kutofautiana kwa kasi kiasi cha kuhamisha shabaha kwenye mita 450 hata kama kwenye mita 100 tofauti haionekani. Nunua boksi za kutosha msimu mzima zenye namba moja, na ukilazimika kubadilisha, pima kasi upya na upige upya kwenye umbali halisi. Wakati huo huo fanya jaribio la mwisho ambalo wengi hulikwepa: panga madumu ya maji kadhaa kwa mstari mbele ya kilima cha udongo, kwenye umbali ule mkubwa kabisa unaokusudia kumpiga mnyama, uyapige, kisha ukiokote kichwa na ukiangalie. Kikiwa bado kimechongoka, punguza umbali au badilisha kichwa, na urudie jaribio kabla ya kwenda porini.